Hati Sitini na Moja za Alhamisi

Mzee Teofilo alipobisha hodi asubuhi akiwa na keki, Herminia alijua kuna jambo. Mzee huyo ndiye aliyesimamia ndoa yake na Crisanto miaka thelathini iliyopita, na hapa kwetu Manila msimamizi wa ndoa ni mzazi wa pili. Humkatizi, humkatalii, na ukimwona na keki ujue amekuja kuomba kitu ambacho mikono mitupu angeona haya kukiomba.

"Waziri yupo?" aliuliza mlangoni.

"Yupo, baba. Karibu ndani. Anamkata mama yake kucha."

Na kweli, Crisanto Dimaculangan, waziri wa mashamba wa jamhuri nzima, alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya sebule, mguu wa mama yake ukiwa juu ya paja lake. Bibi Consorcia alikuwa amejiegemeza kwenye kiti akimpa maelekezo.

"Taratibu, wewe! Hicho ni kidole, si mpaka wa shamba." Kisha akauliza kama alivyouliza kila asubuhi, "Leo bado wewe ni waziri?"

"Bado, mama. Mpaka saa nane mchana, halafu tutajua."

Msimcheke bibi. Akili zake zilikuwa timamu kuliko za wengi, na swali lake lilikuwa la haki kabisa. Sheria yetu inamruhusu Rais kuteua waziri wakati bunge liko likizo, na mtu akishaapa anaanza kazi siku ileile. Bunge likirudi, kamati yake inatakiwa kumpitisha. Ikimkataa, kwaheri. Ikikaa kimya mpaka bunge lifunge tena, uteuzi unakufa wenyewe, naye anarudi kuwa raia wa kawaida mpaka Rais amteue upya na aape upya.

Crisanto alikuwa ameapa mara tatu katika miezi kumi na minne. Kiapo cha kwanza mtaa mzima tulikula nguruwe wa kuchoma. Cha pili tukala tambi. Cha tatu, Belen muuza ndizi za kukaanga alimpa vijiti viwili vya ndizi pale kona akamwambia, "Hongera, kama kawaida yako." Tukampa na jina, Waziri wa Mkataba. Mimi nakaa nyumba ya pili kutoka kwao na nilicheka pamoja na wengine, tena kwa sauti, jambo ambalo sasa linanitia aibu.

Lakini mara ya tatu hakuna tena kukaa kimya. Kanuni ya kamati inasema mtu aliyerukwa mara mbili lazima apigiwe kura, ndiyo au hapana, na aliyekataliwa harudi tena. Kura yenyewe ilikuwa siku hiyo, saa nane.

Mzee Teofilo alingoja Bibi Consorcia apelekwe chumbani ndipo akakata keki. Alikata vipande vitatu vikubwa mno.

"Apelado amenipigia simu jana," alisema.

Crisanto akaweka uma chini. Mheshimiwa Hilarion Apelado alikuwa mjumbe wa kamati, na shemeji yake ndiye aliyekuwa na mashamba ya miwa ya San Gabino kabla wizara haijayagawa kwa wakulima.

"Anataka nini?"

"Jambo dogo sana, mwanangu. Zile hati sitini na moja."

Herminia alihisi uso ukimchoma. Hati zile alizijua kuliko mtu yeyote, kwa kuwa zilikuwa na mwandiko wake.

Ilikuwa hivi. Usiku wa mwisho wa bunge, mwezi wa sita, Crisanto alijua kwamba wabunge wakifunga tu, uwaziri wake unakufa, na hakuna aliyejua kama Rais angemteua tena. Hati za San Gabino zilikuwa tayari tangu jioni, mia mbili na kumi na nne, na familia zile zilikuwa zimengoja miaka kumi na tisa. Akazibeba mpaka nyumbani, akawasha redio mezani asikilize bunge moja kwa moja, akaanza kutia sahihi jikoni. Vidole vilipokufa ganzi, Herminia akamsaidia kuandika tarehe. Bibi Consorcia alikaa pembeni na pepeo la mkono, anakausha wino.

Sasa, ratiba ilisema bunge lifunge Jumatano, mwisho saa sita usiku. Na nchi nzima inajua wanachofanya pale kazi inapowazidi. Mhudumu anapanda ngazi, anaisimamisha saa ya ukumbini ikiwa saa sita kasoro dakika kumi, na Jumatano inaendelea kadiri wanavyotaka wao. Usiku ule waliendelea mpaka saa kumi alfajiri, sheria zinapita moja baada ya nyingine. Crisanto alimaliza kutia sahihi saa nane, redio bado inanguruma, akashukuru Mungu akaenda kulala.

Kumbe mkewe ni mwalimu wa darasa la nne. Saa ya jikoni ilipofika saa sita, Herminia aliacha kuandika Jumatano akaanza kuandika Alhamisi. Hakuna aliyemwambia, wala hakufikiria mara mbili. Siku imebadilika, tarehe inabadilika. Hati sitini na moja zikatoka na tarehe ya siku ambayo, kwa kumbukumbu za bunge, mumewe hakuwa waziri wa kitu chochote.

"Anachotaka," Mzee Teofilo aliendelea, "ni useme mbele ya kamati kwamba hizo sitini na moja ni makosa. Makosa ya mkeo tu, si yako. Mama wa watu alikuwa na usingizi. Unazirudisha wizarani zikaandikwe upya. Ukisema hivyo, anakupa kura yake na za wenzake sita. Umepita."

"Halafu nazisaini tena?"

"Ukishapita, nani atakuzuia?"

"Wakili wake atanizuia, baba. Hati ikirudi tu wizarani, anakwenda mahakamani kuomba zuio kabla wino haujakauka. Hawa watu watangoja miaka kumi na tisa mingine."

Mzee Teofilo alitafuna keki yake muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Crisanto tangu akiwa kijana mwembamba wa kubeba mnyororo wa kupimia ardhi.

"Mia na hamsini na tatu watabaki na hati zao," alisema. "Hao ni wengi. Na wewe una umri gani? Hamsini na saba. Ulikuwa na kazi ya kudumu wizarani, mpima mkuu, ukaiacha kwa ajili ya kiti hiki. Nafasi yako ana mtu mwingine. Ilibaki miaka mitatu ustaafu kwa heshima. Wakikukataa leo unarudi hapa na nini? Unarudi kukata kucha."

Herminia alimtazama mumewe, akangoja aseme hapana. Hakusema hapana. Alisema, "Nimekusikia, baba," na hilo si jibu.

*

Mzee alipoondoka, Herminia alianza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

"Miniang," Crisanto alimwita kwa jina la nyumbani.

"Sema."

"Sijaamua."

"Basi mimi naamua. Sema ni makosa yangu. Mwalimu Herminia alisinzia, kaandika upuuzi. Kuna uongo gani mkubwa hapo?"

"Watakucheka."

"Watu wa mtaa huu wananicheka tangu kiapo chako cha pili. Mke wa Waziri wa Mkataba. Jana wakati wa mapumziko walimu wenzangu wameniuliza kama na ndoa yetu inahuishwa kila bunge likifunga." Alisugua sahani kwa nguvu. "Mama yako anataka dawa. Nyumba ina paa linalovuja. Sema tu, yaishe."

"Na wale sitini na moja?"

"Usiniulize mimi kuhusu wale! Wewe ndiye waziri."

Crisanto akamshika bega, naye akalitikisa bega mkono ukaanguka. Ilimuuma Herminia. Si kwa sababu ya kuchekwa, maana mwalimu wa watoto arobaini na nane huchekwa kila siku. Ilimuuma kwamba mume wake aliyapima maneno ya mzee yule badala ya kuyatupa nje, na ilimuuma zaidi kwamba hata yeye aliyapima, akaona yana uzito.

*

Gari la wizara lilikuja saa sita na nusu. Dereva, Domeng, aliwafungulia milango yote miwili, akakaa kwenye usukani bila kuwasha gari.

"Samahani, mheshimiwa. Kuna kitu wameniambia niwaambie."

"Niambie, Domeng."

"Nimeagizwa nikiwashusha tu, nirudishe gari. Nisisubiri matokeo. Wanasema mara mbili zilizopita lilichelewa kurudi na mafuta yalikuwa chini." Masikio yake yalikuwa mekundu. "Mimi sikupenda, mheshimiwa."

"Fuata ulivyoagizwa," Crisanto alisema. Alikuwa amevaa shati rasmi la nyuzi za mnanasi, lilelile la viapo vitatu, na kwapani lilikuwa limeanza kubadilika rangi. Herminia aliliona hilo, na kwa hasira zake zote akamvuta koti afunike.

Ukumbi wa kamati ulikuwa na baridi ya kukausha koo. Wajumbe walikaa kwenye meza ya nusu duara, Crisanto katikati peke yake na kipaza sauti, Herminia kwenye safu ya pili. Nyuma kabisa walikuwa wamekaa watu thelathini hivi wa San Gabino, waliosafiri tangu alfajiri, nguo zao za kanisani, mikoba imekumbatiwa kifuani. Ndani ya mikoba kulikuwa na hati. Hawakuthubutu kuziacha nyumbani.

Kamati hii ina desturi moja nzuri. Kabla ya maswali, anayehojiwa hutambulisha familia yake, nayo husimama ikapigiwa makofi. Wajumbe hutabasamu, watoto huona aibu, kisha kila mtu hukaa. Crisanto akatambulisha. Herminia akasimama, makofi yakapigwa, akaanza kukaa.

"Mwalimu, usikae kwanza," alisema Mheshimiwa Apelado.

Alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, sauti ya kumuuliza mgonjwa kama amekula. Aliinua karatasi.

"Nina nakala ya hati hapa. Mwandiko mzuri sana. Ni wako?"

"Ni wangu, mheshimiwa."

"Mwenyekiti, naomba ieleweke simlaumu mama huyu. Kumbukumbu zinaonyesha bunge lilifunga Jumatano, kabla ya saa sita. Bunge likifunga, uteuzi wa mumewe umekwisha. Na hapa mwalimu ameandika Alhamisi. Mara sitini na moja!" Wajumbe wawili wakacheka. "Mwalimu, sisi sote tuna wake nyumbani. Tunajua usiku mwingi mtu anachoka. Bila shaka ulikuwa na usingizi, eti?"

Alikuwa amemgeukia Herminia, lakini macho yalikuwa kwa Crisanto. Hapo ndipo mahali pake pa kusema. Crisanto akasogea kwenye kipaza sauti.

"Mheshimiwa, mke wangu..."

Akafungua mdomo tena, akaufunga, akaangalia viatu vyake. Herminia alimwona wazi kabisa kutoka pale aliposimama. Mwanamume aliyelala naye miaka thelathini alikuwa anatafuta namna ya kumwita mwanamke aliyesinzia.

Herminia mwenyewe alikuwa amekubali. Asubuhi ile ile, kwa mdomo wake, alikuwa amemwambia mumewe aseme. Lakini kukubali jikoni ni kitu kimoja, na kusimama mbele ya watu uitwe mwalimu asiyejua leo ni siku gani ni kitu kingine. Hasira ikampanda mpaka masikioni.

"Sikuwa na usingizi, mheshimiwa," alisema. "Nilikuwa nakusikiliza wewe."

"Ulikuwa unanisikiliza mimi?"

"Redioni. Ulikuwa unaongea juu ya bei ya miwa. Ulisema marehemu baba yako alikuwa anaamka kabla ya jogoo. Nikamwambia mama mkwe, huyu anaongea vizuri. Nikatazama saa, ilikuwa saa saba na dakika ishirini."

"Saa ya bunge ilikuwa bado saa sita kasoro dakika kumi."

"Ndiyo, mheshimiwa. Mlikuwa mmeisimamisha."

Jambo hilo kila mtu analijua, mpaka mtoto wa shule. Lakini halijawahi kusemwa ndani ya jengo lile, na kuna mtu alidondosha kalamu. Mwenyekiti akanyanyua nyundo yake, akasita nayo hewani.

"Mimi nafundisha darasa la nne," Herminia aliendelea. "Mtoto akikosea tarehe namsahihisha, na mimi nikikosea nasahihishwa. Kwa hiyo nisahihisheni. Kama humu ndani ilikuwa bado Jumatano, basi na jikoni kwangu ilikuwa Jumatano, mume wangu alikuwa waziri, na mimi nimekosea neno moja tu. Na kama jikoni kwangu ilikuwa Alhamisi, basi hata humu ilikuwa Alhamisi, na zile sheria mlizokuwa mnapitisha... sijui, mimi si mwanasheria. Chagueni ninyi siku. Mtakayoichagua ndiyo nitakayoiandika."

Kwenye viti vya waandishi wa habari mtu alicheka, halafu wakacheka wote. Mwanasheria wa kamati alinyanyuka haraka akamnong'oneza mwenyekiti, na kadiri alivyonong'ona ndivyo uso wa mwenyekiti ulivyozidi kuwa mrefu. Sheria zilizopita baada ya saa sita usiku ule zilikuwa kumi na saba. Moja ilikuwa bajeti. Mle ndani hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa tayari kuuliza ile saa ilikuwa saa ngapi.

"Mheshimiwa Apelado," mwenyekiti alisema polepole, "unaendelea na hoja hii ya tarehe?"

Apelado akaikunja ile nakala mara mbili, akaitia mfukoni.

"Naiondoa, mwenyekiti. Naomba na maneno ya mama huyu yasiingie kwenye kumbukumbu."

"Yameondolewa. Yeyote mwenye hoja ya tarehe?" Hakuna aliyeinua mkono. "Basi hoja imefungwa na haitafunguliwa. Tupige kura."

Kura zilipigwa kwa kuinua mikono. Ndiyo, tisa. Hapana, kumi na nne. Apelado aliinua mkono wake wa hapana bila haraka, akimtazama Herminia kwa tabasamu lilelile. Kufika saa tisa, Crisanto Dimaculangan hakuwa waziri, hakuwa mpima mkuu, na hakuna Rais ambaye angeweza kumteua tena.

*

Walisimama kwenye korido, hawana gari, watu wanawapita kwa kujibanza ukutani kama wanaomkwepa mgonjwa.

"Nilikuwa nasema," Crisanto alisema. "Nilikuwa nimefungua mdomo. Nilikuwa nakwenda kukuuza, Miniang."

"Nilikuona."

"Umekasirika?"

"Sana." Alikuwa analia, na hakujificha. "Na kazi nimekupotezea mimi. Neno moja tu lilitakiwa. Ningesema ndiyo, nilisinzia, tungekuwa tunarudi nyumbani na Domeng."

"Ungesema hivyo nisingeweza kukutazama tena."

"Ungeweza. Ungezoea. Hilo ndilo lililonitisha."

Hapo akatokea mwanamke mfupi wa San Gabino, mzee kidogo, amevaa viatu vya raba na gauni la bluu la kanisani. Akajitambulisha kwa jina la Rufina. Alikuwa ameshikilia mkoba wake kwa mikono miwili.

"Samahani, baba. Yangu ni ya Alhamisi," alisema. "Sikuelewa vizuri walivyosema mle. Ni nzima au imekufa?"

"Ni nzima," Crisanto alimjibu. "Zote sitini na moja. Wamefunga hoja wenyewe, hawataigusa."

"Nani anasema?"

"Mimi."

Rufina alimtazama juu mpaka chini, bila dharau, kama mtu anayekagua mbegu. "Si wamekukataa sasa hivi? Mlinzi wa shamba akinisimamisha getini kesho nimwambie nani amesema? Niandikie, baba. Hata mistari miwili, nani alikuwepo na alisema nini."

Crisanto akatoa kalamu mfukoni kwa mazoea ya miezi kumi na minne. Akapokea karatasi kutoka kwa Rufina, akaigeuzageuza, na hapo ikamjia kwamba sahihi yake haikuwa tena na thamani kwa mlinzi yeyote. Kisha akamgeukia mkewe, akampa kalamu.

"Andika wewe."

"Mimi ni nani?"

"Maneno yangu mle ndani hawakuyaogopa hata moja. Yako wameyafuta. Andika uliyoyasema, uweke jina lako."

Herminia akafuta macho kwa kiganja. Aliangalia huku na huku. Korido nzima ilikuwa marumaru na picha za wakubwa, hapakuwa na meza wala dirisha la kuegemea. Crisanto alivua koti, akampa Rufina alishike. Akainama, akaweka mikono kwenye magoti, mgongo wa shati lile la viapo ukatandazika bapa. Wajumbe wa kamati walikuwa wanaanza kutoka ukumbini. Waliona, na mmoja akasimama kabisa kushangaa.

Herminia akaweka karatasi mgongoni pa mumewe, akainyoosha kwa mkono, akaanza kuandika kwa herufi kubwa, zilizonyooka, kama kwenye ubao.

"Usitikisike," alimwambia.